Kitenge kimoja, watu wawili na sharti la mjomba: mavazi ya picha za uchumba Mikindani na Shangani

Wachumba wawili wa Mtwara mjini, kijana karani wa ghala la korosho na binti nesi, walipanga kupiga picha za uchumba katikati ya Agosti, wiki tatu baada ya posa kupokelewa. Alasiri wangekuwa vichochoroni Mikindani, mji mkongwe jirani, jioni ufukweni Shangani. Nguo walikwishaziamua. Seti ya kwanza ilikuwa kitenge kimoja kwa wote wawili: gauni la kubana lenye mkia kwa binti, koti na suruali kwa kijana, maua makubwa ya chungwa, nevi bluu na manjano. Seti ya pili, ya baharini, ilikuwa nyeupe kwa nyeupe: kanzu na gauni la shifoni.

Ni mpango wa kawaida sana, na ndiyo sababu tumeuchukua. Kila nguo peke yake ilikuwa nzuri. Zikikutana mahali pale, saa ile, na kwa namna wawili hao walivyoruhusiwa kusimama, karibu zote zingewaangusha.

Sharti

Kusini huku mjomba wa binti ana kauli nzito katika ndoa, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua. Kijana alipokwenda kumwarifu habari ya picha, baada ya shikamoo na marahaba, mzee alikubali kwa maneno machache: "Kapigeni, mwanangu. Ila ndoa haijafungwa. Sitaki kuona mmekumbatiana."

Wachumba waliona wamepokonywa nusu ya picha zao. Sisi tunaona mjomba aliwapa kipimo ambacho kilitakiwa kutangulia hata safari ya dukani. Watu wakikumbatiana, miili yao ndiyo inayowaunganisha na nguo zinasamehewa mengi. Wakisimama wameachana nusu mita, mmoja mlangoni na mwingine kwenye ukingo wa baraza, jicho la mtazamaji linakwenda kwanza kwenye ile nafasi iliyo katikati yao. Hapo rangi ndiyo inayovuka. Nguo zisizo na uhusiano zitawafanya waonekane wapita njia wawili waliokutana kwa bahati. Na wakivaa kitambaa kilekile kuanzia shingoni hadi miguuni, wanaonekana wajumbe wa kamati ya harusi waliovaa sare, wakimsubiri mwenye shughuli.

Kinachofanya kazi katika nafasi ya namna hiyo ni kubadilishana: mmoja anabeba maua, mwingine anavaa rangi tupu iliyochukuliwa ndani ya maua hayo, kisha kitu kidogo kinarudi upande wa pili. Kisa hiki chote kilitatuliwa hapo. Yaliyobaki ni kazi ya mikono, na ndiyo yanayoharibika mara nyingi zaidi.

Kitenge

Walikuwa wameshanunua pisi moja ya yadi 6, kama mita 5 na nusu, upana wa karibu sentimita 115. Gauni refu la mikono mirefu lingekula yadi 4 na nusu, koti na suruali zaidi ya 5. Kwa hiyo walihitaji pisi ya pili. Muuzaji aliitoa ya maua yaleyale, lakini walipozifikisha zote mbili mlangoni, kwenye mwanga wa nje, nevi bluu ya pisi ya pili ilikuwa imefifia na chungwa lake limeelekea wekundu. Hilo ni jambo la kiwandani: kila mkupuo wa rangi hutoka na tofauti yake, na pisi mbili za chapa moja si lazima ziwe zimetoka mkupuo mmoja. Chini ya taa nyeupe za dukani tofauti haionekani. Kwenye picha ya jua la saa 10 inaonekana wazi, tena inaonekana kama kosa, si kama uamuzi. Ukinunua zaidi ya pisi moja, zifungue zote, zipeleke nje, weka pindo juu ya pindo.

Pisi ya pili ikarudishwa rafuni, na hapo gharama ya seti ya kwanza ikashuka bila mtu kubana matumizi.

Pisi iliyobaki ikalowekwa kwenye maji baridi usiku kucha kabla ya mkasi kuigusa. Mafundi wengi hawalifanyi hili kwa sababu mteja anataka ule mng'ao wa dukani. Mng'ao huo ni wanga na dawa ya kiwandani. Unaondoka kwenye ufuaji wa kwanza, na pamba inarudi ndani sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Gauni likishonwa kabla ya kuloweka, kisha likafuliwa siku mbili kabla ya picha, upindo unapanda juu ya kifundo cha mguu na zipu inajikunja mgongoni. Isitoshe, kitambaa kisichong'aa kinapigika vizuri zaidi: jua halikiachii mabaka meupe. Kilipokuwa bado kibichi, walikisugua kwa kipande cha kitambaa cheupe ili kuona kama chungwa linatoka. Halikutoka. Lingetoka, jasho la kwapani lingefanya kazi hiyohiyo siku yenyewe.

Kwenye mkato, shida kubwa ilikuwa ukubwa wa ua. Kila ua lilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 25. Fundi akikunja kitambaa ovyo, maua mawili yanaangukia kifuani, moja kila upande, na hakuna pozi litakaloweza kuyaficha. Au ua linakatwa katikati na zipu, nusu moja ikakaa sentimita 4 juu ya nyingine. Dawa ni kukunja kitambaa kwa kufuata mstari unaopita katikati ya ua, ili ua moja likae katikati ya mwili chini ya kifua, na maua mengine yaangukie begani na nyongani. Hilo ndilo lililokula nusu yadi ya ziada. Mwambie fundi kwa kidole juu ya kitambaa, si kwa simu, na uwepo anapokata.

Mkia ukaachwa. Mikindani ni mji wa mabaraza na ngazi za mawe. Picha nyingi ni za kukaa au kupanda ngazi. Gauni linalobana magotini linamlazimisha mtu kukaa ubavuubavu kama aliyeumia. Wakachagua la kuachia kuanzia kiunoni, lenye bitana hadi chini ya goti, na akiba ya sentimita 2 na nusu kwenye kila mshono wa ubavuni. Jaribio la kwanza lilifanyika siku 10 kabla ya picha, akiwa amevaa nguo za ndani na viatu vya siku hiyo. Siku 10 si nyingi: fundi mzuri ana wateja wengine, na ikikaribia Idi hata wiki tatu hazitoshi.

Upande wa kijana

Shati lake likawa nevi bluu tupu, poplini ya pamba, mita 2 za upana wa sentimita 150, zinazotosha mikono mirefu kwa mwili wa wastani. Alitaka lineni. Lineni ni nzuri kwa mtu anayeshuka kwenye gari na kupigwa papo hapo. Baada ya kukaa kwenye bajaji kutoka mjini hadi Mikindani, karibu kilomita 10, inajikunja mgongoni na kwenye viwiko, na mikunjo ya lineni haiondoki kwa kupanguswa na kiganja. Suruali ikawa kaki.

Kilichobaki kwenye kitenge kikatoa utepe wa ndani wa kola na wa mikono ya shati, sentimita 5 hivi. Shati likifungwa hadi juu utepe haujionyeshi. Akifungua kifungo kimoja na kukunja mikono mara mbili, maua yanachungulia. Binti naye akavaa hijabu ya nevi bluu tupu. Hapo kubadilishana kukakamilika: maua yake kwenye kola ya kijana, rangi ya kijana kichwani kwake.

Hijabu hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Chungwa kali likikaa chini ya kidevu, jua linalirudisha kwenye taya na shingo, na uso unachukua rangi isiyo yake. Kijani kinafanya vibaya zaidi. Kitambaa cha rangi nzito kikikaa kati ya uso na chungwa, kinakata mwanga huo. Ila nevi bluu zinadanganya: kuna zinazokwenda zambarau na kuna zinazokwenda weusi. Beba kipande cha shati unapokwenda kununua hijabu.

Kisha wakafanya jaribio ambalo tunalisisitiza kwa kila wachumba, kwa kuwa halina gharama. Vitambaa vyote viliwekwa mbele ya ukuta wa Mikindani saa 10 alasiri, vikapigwa kwa simu, na picha ikageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka unabaki na uzito wa giza na mwanga tu. Kuta za zamani za pale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zimefifia kuelekea krimu na kijivu chepesi. Kitenge kilisomeka giza la kati, shati giza zito, ukuta mwanga: vyote vitatu vikaachana. Suruali ya kaki peke yake ilikaribiana na ukuta, ikaachwa kwa sababu miguu ikipotea kidogo haidhuru. Wangeupeleka mpango wao wa kwanza kwenye jaribio hilo, wangeona miili miwili ikisomeka kama pazia moja.

Tuseme na la mahali. Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 ni jeupe, hivyo nguo nyeupe mbele yake hupotea. Sasa ni hoteli, na ruhusa huombwa kabla. Milango ya kuchongwa ni ya nyumba za watu: piga hodi, salimia, omba. Na lile jengo linaloitwa Soko la Watumwa, ambalo wapiga picha hulipenda kwa matao yake, tunashauri liachwe. Matao yapo kwingine. Furaha ya posa haifai kuegemezwa pale.

Nyeupe ya baharini

Hii ndiyo seti iliyohitaji kuvunjwa kabisa. Sababu ya kwanza ni simu na kamera zenyewe. Kamera iliyoachwa ijipangie mara nyingi hupima mwanga wa picha nzima. Kanzu nyeupe, gauni jeupe, mchanga mweupe na anga vikijaa ndani, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso za watu weusi ndizo zinazolipia. Mpiga picha akipima kwa uso, uso unatoka vizuri lakini kanzu inaungua: tarizi ya kifuani, ambayo ndiyo thamani yake, inapotea yote. Mpiga picha hodari anaweza kupatanisha hivyo viwili, lakini ndugu watakaopiga kwa simu pembeni hawawezi, na picha zao ndizo zitakazotangulia kwenye WhatsApp. Kanzu ikabadilishwa ikawa ya rangi ya maziwa iliyoiva, tarizi ya kahawia. Macho ya watu bado yanaiona kama kanzu ya heshima. Kamera inaona nyuzi.

Sababu ya pili ni shifoni. Jua likiwa nyuma ya mtu, shifoni nyeupe isiyo na bitana inaonyesha umbo lote la mguu, na mjomba angeziona picha hizo. Hata bitana nyeupe haitoshi. Gaguro na nguo za ndani lazima ziwe za rangi ya ngozi ya mvaaji, kwa sababu nyeupe chini ya nyeupe ndiyo inayojichora zaidi.

Sababu ya tatu ni upepo. Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kusini, na jioni ufukweni hauombi ruhusa. Shifoni inapanda, inajizungusha mguuni, mkono mmoja wa binti unafanya kazi ya kushikilia gauni badala ya kuonyesha pete.

Badala yake akashonewa gauni la krepu nzito, rangi ya bizari iliyokolea. Bahari ya pale jioni ni bluu na kijani, mchanga ni mwepesi. Nguo ya bluu ingezama ndani ya bahari, bizari inasimama mbele yake na inaelewana na ule umaziwa wa kanzu. Kiunganishi kikawa kofia ya kijana: ilichaguliwa yenye uzi wa kahawia na bizari. Hapakuwa na haja ya zaidi.

Ndani ya upindo wa gauni fundi alishona vijifuko vinne, kila kimoja na chubwi ya mshipi ya gramu 10 hivi. Chubwi zinapatikana kwa wauza vifaa vya uvuvi, na kazi yake ndani ya nguo ni ileile ya baharini: kushusha. Vifuko viwe vya kitambaa kigumu na vishonwe pande zote nne, la sivyo chubwi inateleza na kugonga kifundo cha mguu kila hatua. Zisizidi nne, nane zinavuta krepu hadi mshono wa kiuno unaonekana umechoka. Hijabu ya seti hii ikawa ya jezi juu ya kofia ya ndani, ikafungwa kwa pini begani pande zote mbili. Satini ingeteleza kabla hawajafika majini.

Maji na saa

Walitaka Jumamosi iliyoangukia siku ya 16 ya mwezi mwandamo. Hizo ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na pwani hii siku hizo maji hujaa kati ya saa 10 na 11 jioni hivi, kwa hiyo saa wanayoitaka ufukwe unakuwa mwembamba, mchanga umelowa, na upindo unakunywa maji hadi gotini. Wakasogeza wiki moja mbele, siku ya 23, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana: jioni maji yanakuwa yamepwa kiasi na mchanga mkavu unatosha. Kwa Agosti jua la Mtwara linazama kama robo saa baada ya saa 12 jioni, na mwanga unaotumika vizuri unaanza saa 11.

Ratiba ikajipanga yenyewe kutoka hapo. Mikindani saa 9 na nusu hadi 10 na dakika 20, kwenye kivuli cha vichochoro. Kubadilisha nguo nyumbani kwa ndugu palepale, nusu saa, kwa kuwa hijabu mpya haifungwi kwa haraka. Barabarani dakika 20. Shangani saa 11 na dakika 10, ikibaki saa nzima. Viatu vilikuwa vya aina moja kwa seti zote mbili: makubazi ya ngozi kwa kijana, sandali bapa kwa binti. Kisigino kirefu kinatafuta nyufa za mawe Mikindani na kinazama Shangani.

Hina ilipakwa siku mbili kabla, kwa sababu inaendelea kukolea kwa saa 24 hadi 48 baada ya kutolewa. Piko ilikataliwa. Ile nyeusi ya dawa ya nywele inaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, na mkono wenye pete ndio unaopigwa kwa karibu kuliko kitu kingine chochote.

Kanga ya shangazi

Siku nne kabla, shangazi wa binti akaja na doti ya kanga, nyekundu na nyeupe. "Mwanangu, hii utaivaa kwenye picha. Mimi nimekuja nayo kwa ajili yako." Haikuelewana na seti yoyote, na kumkatalia shangazi hakuwezekani wala hakufai.

Haikuchanganywa na kitenge. Maua mawili makubwa ya asili mbili kwenye mwili mmoja yanapigana, na kanga ingeonekana imetupiwa. Ilipewa picha yake: binti na shangazi peke yao barazani, kila mmoja na kipande chake cha doti juu ya nguo ya rangi moja, kama wanawake wanavyogawana doti siku zote. Walisoma jina kwanza, kwa sababu majina mengine ni mafumbo ya ugomvi na picha inakaa miaka. Na kuna la kiufundi: ukijifunga kanga kiunoni kama kawaida, jina linakwenda nyuma. Kwa picha ya mbele inabidi kuigeuza, au kuishika wazi kwa mikono miwili kwenye usawa wa tumbo. Wanaojipiga wenyewe kwa kamera ya mbele waangalie pia, simu nyingine huhifadhi picha ikiwa imegeuzwa na jina linasomeka kinyume.

Yaliyotoka

Picha za Mikindani zilisimama vizuri zaidi kuliko za Shangani. Iliyo bora ni ile ambayo kijana amekaa ngazi ya chini, binti amesimama kwenye fremu ya mlango, kati yao kuna zaidi ya mita moja, na ule utepe wa kola unavuta jicho moja kwa moja hadi kwenye gauni. Mjomba aliomba asafishiwe hiyo.

Shangani kulikuwa na kasoro mbili. Uzi wa bizari kwenye kofia ulikuwa mwembamba mno. Kwa umbali wa mita 5 haukuonekana, na kiunganishi kikabaki rangi ya maziwa na bizari tu bila kitu cha kurudi. Kitambaa cha mfukoni cha krepu ileile, au ukanda wa saa, kingefanya kazi hiyo, na kipande cha krepu kilikuwepo kwa fundi. Ya pili: kijana alivaa saa ya fedha na pete ya binti ni ya dhahabu. Kwenye picha za mbali si kitu. Kwenye ile ya mikono miwili juu ya ukingo wa ngalawa, isiyogusana, saa ndiyo inayoonekana kwanza. Picha hiyo ilirudiwa saa 12 na dakika 5, saa imevuliwa, mwanga ukiwa bado upo.